Mashauri ya Nyumbani: Mtu na Nguo Zake



Mwezi huu nataka tufikiri pamoja habari ya mlango wa duka, na jinsi mtu apokewavyo aingiapo humo.

Mwezi wa Januari 2022, mkulima mmoja wa Bara Hindi, katika jimbo la Karnataka, alikwenda mji wa Tumakuru pamoja na rafiki zake, nia yake kununua gari dogo la mizigo. Alivaa nguo za kila siku, kama avaavyo mtu atokaye shambani. Kwa maneno yake mwenyewe, mwuzaji alimdhihaki, akamwambia kuwa gari lile ni la rupia 1,000,000, naye pengine hana hata rupia 10 mfukoni. Mkulima akatoka, akatafuta fedha, na saa moja haijatimia akarudi na rupia 1,000,000 taslimu, akataka apewe gari siku ile ile. Wauzaji wakatahayari, maana gari halikuwa tayari. Ugomvi ukafika kwa polisi, hata mwisho akaombwa radhi. Habari ilipoenea, Anand Mahindra, mkuu wa kampuni iundayo magari hayo, aliandika hadharani kuwa kulinda heshima ya kila mtu ni katika misingi ya kampuni yake.

Msidhani mwuzaji yule alikuwa mtu wa ajabu. Katika maduka mengi ya magari, mwuzaji hupata sehemu ya ujira wake kwa kadiri ya magari aliyoyauza. Saa aliyoitumia kwa mtu asiyenunua ni hasara kwake. Kwa hiyo huwachagua watu mlangoni upesi upesi: huyu atanunua, yule anatazama tu. Na kwa kuwa hana kipimo kingine, hushika kilicho mbele ya macho yake, yaani viatu, shati, na saa ya mkononi.

Lakini kipimo hicho ni kibovu. Mwenye koti jipya huenda hajamaliza kulilipia, na mwenye shati kuukuu huenda ndiye aliyejua kuweka akiba. Huko Marekani alikuwako Sam Walton, mwenye maduka ya Wal-Mart. Mwaka 1985 gazeti la Forbes lilimtaja kuwa tajiri kuliko watu wote wa nchi ile, naye aliendesha gari la mizigo la Ford la mwaka 1979, akiwapakia humo mbwa wake wa kuwindia. Gari lile limehifadhiwa katika makumbusho mjini Bentonville. Mwuzaji wa kupima watu kwa macho angalimwacha Walton amesimama mlangoni.

Basi watu wengi wakiisikia habari ya yule mkulima hufurahi, husema, "Ameaibishwa mwenye dharau!" Hata mimi nilifurahi. Lakini nalitafakari zaidi, nikaona tumefurahi upesi mno. Je, kama asingalizipata zile fedha? Kama kweli angalikuwa na rupia 10 tu, dhihaka ile ingalikuwa haki? Heshima ipatikanayo kwa kuonyesha rupia 1,000,000 si heshima ya mtu, ni heshima ya fedha.

Nasema haya nikilijua kosa langu. Mwaka mmoja, siku ya wazazi kuja shuleni, walifika wanaume wawili pamoja. Mmoja alivaa koti na viatu vya kung'aa. Wa pili alikuwa na matope miguuni, na shati lake lina viraka. Wa kwanza nikamkaribisha kitini, wa pili nikamwambia angoje nje chini ya mwembe. Akangoja hata jua likapinduka. Nilipomwendea, sikumkuta na fedha iliyofichwa wala cheo. Alikuja kuuliza kama mwanawe amejua kusoma, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui, wala hana njia nyingine ya kupata hakika. Aliuliza kwa sauti ndogo, akashukuru, akaenda zake. Mwanawe aliyaona yote kwa dirishani. Tangu siku ile mtoto yule hakunitazama tena usoni, wala sikuwa na haki ya kumlaumu.

Waraka wa Yakobo, mlango wa pili, wataja jambo hili hili: mwenye pete ya dhahabu akaribishwa pazuri, na maskini aambiwa asimame kando. Wala hausemi kwamba maskini yule alikuwa na mali iliyofichika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawashauri haya machache. Mgeni akibisha hodi, msalimu kabla ya kumtazama miguu. Muulize haja yake, wala usiikisie. Afikaye kwanza na ahudumiwe kwanza, awe na viatu au hana. Nanyi walimu, angalieni wale mnaowaketisha mbele na wale mnaowaketisha nyuma, mkajiulize sababu. Wazazi nao wachunge ndimi zao mezani, maana mtoto hujifunza kudharau kwa kusikia wazee wake wakicheka.

Wahenga walisema, mdharau mwiba humchoma. Nami naongeza: hata mwiba usipokuchoma, dharau yako imekwisha kumchoma mwenzio.

Mimi ndugu yenu, Mwalimu.