Dubu Asiyekuwapo: Majina na Wanyama wa Ajabu

Katika mitaa ya Makadara, Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Jericho, wamekaa kwa miongo mingi watu waliotoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Walikuja mjini na ngano zao, zikiwemo zile za wanyama wakubwa wa ajabu. Vijana wengi wa leo huzicheka. Kicheko hicho ni hasara kwa taaluma ya Kiswahili.

Chukua mfano wa “dubu wa Nandi”. Mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi na maafisa wa Kiingereza waliripoti kuona mnyama mkubwa mwenye mabega ya juu, wakamwita dubu. Akaja akafananishwa na chemosit. Lakini A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, alimweleza chemosit kuwa zimwi, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja. Isitoshe, Afrika Mashariki haina dubu. Huenda aliyeonekana alikuwa fisi. Dubu alizaliwa katika tafsiri.

Pwani nako mambo yalichanganyika. Nunda, katika Swahili Tales ya Edward Steere (1870), ni paka wa sultani aliyeachwa ale kuku na mbuzi, hata akala watu. Baadaye William Hichens, mhariri wa Al-Inkishafi (1939), aliandika juu ya mngwa, au nunda, kuwa mnyama halisi aliyeua watu pwani ya Tanganyika. Ngano na ushahidi vikatiwa chungu kimoja.

Wako wasemao kwamba yote hayo ni ushirikina. Hawajatenda haki. Wanyama wala watu wapo: Aprili 2025 simba aliua msichana karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Aliyeona hastahili kupuuzwa, wala aliyesikia hastahili kuhesabiwa kuwa ameona.

Basi mwanafunzi wa Kiswahili na aende Makadara wazee wangali hai. Aandike jina la mnyama kwa lugha ya msimulizi kabla ya kulitafsiri, na aulize nani aliona, wapi, lini. Katika ngano ya nunda, mwana mdogo wa sultani aliua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara mama yake akamwambia kuwa siye. Hakukoma hadi alipompata mwenyewe. Mtafiti naye asikubali dubu pale alipoambiwa chemosit.