Mjane wa Injili na Mama wa Bunia

Mwajua habari ya yule mjane katika Injili ya Luka, sura ya 18. Hakuwa na mali wala ndugu mwenye cheo. Alikuwa na miguu ya kumwendea hakimu na kinywa cha kudai haki yake, mpaka hakimu akachoka. Juma hili twataka kunena habari za mama mmoja wa Ituri aliyebisha mlango wa hakimu kwa ajili ya wanawake wenzake.

Jina lake Julienne Lusenge. Wakati wa vita alikuwa mwandishi wa habari wa redio, na wanawake wa vijijini walimsimulia jinsi walivyonajisiwa na watu wenye silaha. Angaliweza kusikitika, kisha kunyamaza. Lakini mwaka 2000, pamoja na wanawake wenzake, alianzisha chama kiitwacho SOFEPADI. Vitisho vikamfuata, hata ikambidi ahame Bunia na kukimbilia Beni, akawa mkimbizi kama wale aliowasaidia. Watu wa Nyakasanza wanaikumbuka miaka ile: mwezi wa Mei 2003 mapadre wawili, pamoja na watu waliokimbilia katika parokia, waliuawa papo hapo.

Kazi ya chama hiki yafuata njia iliyo wazi. Mwanamke husikilizwa kwanza, hutibiwa, kisha hupata mwanasheria wa kusimama naye barazani. Mjini Bunia chama kina nyumba ya matibabu, Karibuni Wa Mama. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulimtunukia mama huyu tuzo yake ya haki za binadamu.

Pengine mtauliza: je, maneno ya mama maskini yana nguvu gani? Tazameni mahakama ya The Hague. Mwaka 2012 Thomas Lubanga alihukumiwa kwa kuwatia watoto jeshini; kunajisi wanawake hakukuwamo katika mashtaka yake. Mwaka 2019 Bosco Ntaganda alipatikana na hatia ya kosa hilo pia, pamoja na mengine mengi, akafungwa miaka 30. Neno lisiloandikwa katika mashtaka, hakimu hawezi kuliamua. Kwa hiyo yapasa awepo mtu wa kulisikia na kulifikisha.

Lakini The Hague ni mbali, na hakimu mgumu mara nyingi yumo nyumbani mwetu. Binti anaharibiwa na jirani. Wazee wa pande mbili wanaketi, mbuzi wanahesabiwa, wanaume wanapeana mikono, na binti hakuulizwa neno. Pengine huozwa kwa yule yule aliyemtesa. Hayo twayaita amani! Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 yaweka kifungo cha miaka 5 hadi 20 kwa kosa hilo, mbuzi haikuwataja.

Basi, wazazi, likitokea jambo hili, mpelekeni mtoto hospitali siku ile ile, kabla saa 72 hazijapita, maana dawa ya kuzuia ukimwi yafaa ndani ya muda huo tu. Kisha mwende kwa wenye sheria. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu aliyeteswa. Aibu si yake.

Mjane yungali akibisha hodi. Safari hii mlango ni wetu.