Kisutu cha Mama na Kioo cha Kompyuta



Juma hili nawaletea kosa langu mwenyewe, nikitaraji kuwa litamwepusha mwingine. Mwanangu aliponinunulia kompyuta mpya, kazi ya kwanza niliyoianza ilikuwa ni picha za ukoo. Niliazima albamu ya mama mdogo aliyeko Lamu, yenye picha arubaini na kitu za miaka ya 1970. Niliziskani moja moja, kisha nikairudisha albamu kwa mwenyewe. Miongoni mwazo imo picha ya marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, amesimama uani siku ya harusi ya dada yangu mkubwa, amejitanda kisutu.

Nilifanya kazi baada ya sala ya Isha, nyumba ikiwa imetulia. Kila picha niliiona ina manjano, nami nikasema moyoni kuwa huo ni uzee wake. Nikapunguza manjano, nikaongeza buluu, nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikaenda kwa picha nyingine. Nilipozipeleka kuchapishwa, zilitoka kama zilizotiwa buluu ya kufulia. Weupe wa kisutu umegeuka samawati, wekundu umekuwa zambarau, na uso wa mama umekuwa wa mtu aliyeishiwa damu.

Kumbe manjano yale mengi yalikuwa ya kioo, si ya picha. Windows ina mwanga wa usiku ambao hupunguza buluu ya kioo jua likichwa, ili macho yapumzike na usingizi upatikane. Mwanangu aliuwasha kwa kunihurumia, wala hakuona haja ya kunambia.

Basi kabla hujaigusa picha yoyote, zima mwanga huo, iache kompyuta iwake nusu saa, na ukae mahali ambapo jua la dirishani halikipigi kioo. Tazama pia ukali wa mwanga. Viwambo vipya aghalabu huja vikiwa vikali mno kwa kazi hii. Picha ikipendeza hapo, hutoka nyeusi karatasini. Fungua ukurasa mtupu, shika karatasi nyeupe kando yake, upunguze mwanga mpaka viwili hivyo vikaribiane.

Kisha tafuta katika mipangilio chombo cha kusawazisha rangi. Windows inacho, bila malipo. Kitakuonyesha duara zenye vitone katikati, nawe uvute kidude cha pembeni mpaka vitone vikaribie kutoweka. Hufuata picha ya mwanamume aliyevaa suti, ya kupimia weusi na weupe, na mwisho michirizi ya kijivu ambayo haifai kuelekea wekundu, ukijani wala ubuluu. Yule bwana wa suti, nikiri, hakunisaidia sana. Nilipima kwa picha ya harusini: mikunjo ya buibui ionekane, isiwe doa moja jeusi, na darizi ya kanzu isizame ndani ya weupe.

Halafu nikakitoa kisutu chenyewe sandukuni, nikakiweka kando ya kioo mchana kweupe. Hapo ndipo nilipotambua kuwa hata kumbukumbu yangu ilikuwa imepotoka. Miaka yote nilidhani wekundu wake ni wa damu ya mzee, na kumbe ni wekundu mkali.

Ama programu, wengi wetu tuliizoea Picasa, lakini Google iliiacha mwaka 2016. Muuzaji atakusifia programu yenye mapambo mengi, ya kulainisha nyuso na kubadilisha mandhari. Mimi sasa nauliza mambo mawili tu. Je, inaiacha picha ya asili kama ilivyo? Na picha zetu zinakwenda wapi?

Kwa swali la kwanza, digiKam imenitosha. Ni ya bure, hupanga picha kwa tarehe na kwa majina, na unaporekebisha inaweza kuhifadhi toleo jipya huku la asili likibaki. Kwa kuondoa mikwaruzo na mikunjo natumia GIMP, nayo ya bure, ingawa siku za mwanzo itakutoa jasho. Hata hivyo, nakili folda nzima kwenye diski ya nje kabla ya kuanza. Faili la JPEG hupoteza kitu kidogo kila linaporekebishwa na kuhifadhiwa upya, na kilichopotea hakirudi.

Swali la pili latugusa sisi zaidi. Katika albamu hizi zimo picha za ndani, wanawake vichwa wazi siku ya kupakwa hina, waliopigwa kwa sharti kwamba hazitatoka nje ya nyumba. Wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki, hawawezi kuulizwa tena. Kompyuta nyingi za Windows huja na OneDrive, na ikiwa imewashwa kuhifadhi folda, folda ya picha hupanda kwenye intaneti. Ikague siku ya kwanza. Programu mbili nilizozitaja hufanya kazi hata intaneti ikiwa imezimwa.

Nilirudi Lamu kuiomba albamu tena. Picha zote nilizipata isipokuwa ile moja: ilikuwa imegandana na plastiki kwa unyevu, na mama mdogo alipoivuta, uso ukabaki kwenye plastiki. Nimebakiwa na lile faili langu la buluu. Nimelirekebisha juu ya kioo kilichosawazishwa, nikalihifadhi kwa jina jipya. Weupe umerudi, uso una uhai kidogo.

Mama mdogo aliitazama kwa muda mrefu. “Ndiye,” akasema, “lakini mwanangu, kisutu chake kilikuwa chekundu kuliko hapa.” Nikakitoa mkobani, tukakitandaza kitandani kando ya picha.