SALIMIA KWANZA, PICHA BAADAYE

Ndugu msomaji,

Mwezi huu tuache kidogo mbegu na mbolea. Tuzungumze juu ya kupiga picha za watu. Siku hizi simu nyingi zina kamera. Lakini kamera bila heshima haifai kitu.

Nitakueleza kosa langu. Zamani kidogo nilitakiwa kupiga picha za wakulima wenye mihogo mizuri. Nilimkuta bibi mmoja shambani. Alivaa kanga kuukuu na mikono yake ilijaa udongo. Sikumwamkia. Nilitoa kamera, nikapiga. Bibi alifunika uso kwa kanga. Akaniuliza, "Bwana Shamba, hata mwizi hubisha hodi. Wewe je?" Nilikosa jibu.

Kesho yake nilirudi, kamera ikiwa mfukoni. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikaomba radhi. Tukakaa tukimenya mihogo. Alinieleza jinsi alivyopata mbegu yake kwa mama yake. Halafu yeye mwenyewe akasema, "Ngoja nibadili kanga." Akamwita mjukuu wake asimame naye.

Bibi huyo amekwisha fariki. Picha ile imetundikwa ukutani kwa wanawe. Hawana nyingine. Picha ya kwanza ninayo mimi. Inaonyesha kanga tu.

Fundi mmoja wa nchi ya Mali alilijua jambo hili. Jina lake ni Seydou Keïta. Alifungua studio mjini Bamako mwaka 1948. Aliwaonyesha wateja picha za watu wengine ili wachague namna ya kukaa. Aliwaazima suti, saa na kalamu. Kila mtu alitoka kama alivyotaka kuonekana. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Matayarisho ndiyo yaliyokuwa kazi.

Nawe fanya hivi:

1. Msalimu mtu. Muulize habari za nyumbani.
2. Mweleze picha ni ya nini na itakwenda wapi.
3. Omba ruhusa. Akikataa, acha. Kwa mtoto, waombe wazazi.
4. Mpe nafasi ya kunawa na kubadili nguo.
5. Zungumza naye juu ya kazi anayoijua. Uso utakunjuka wenyewe.
6. Akiwa ameketi, nawe chuchumaa. Kamera iwe sawa na macho yake.
7. Mwonyeshe picha. Ukiahidi kumletea, mletee.

Ndugu msomaji, mkulima hapandi kabla ya kulima. Mpiga picha naye hutayarisha moyo wa mtu kwanza.

Je, nyumbani kwako kuna picha ya bibi au babu? Kama haipo, nenda leo ukamwamkie. Usianze na kamera.

Tuonane mwezi ujao.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu