Tunaomba Ushauri au Tunaomba Ruhusa?

Mwalimu wa chuo kikuu huulizwa mambo mengi yasiyohusiana na somo analofundisha. Vijana niliowafundisha, ambao wengi wao leo ni watumishi wa umma, hunijia na maswali yasiyomo katika mtaala wowote: aende kusoma shahada ya uzamili au asubiri kupandishwa cheo, aache kazi akalime au avumilie, anunue kiwanja mjini au ajenge kijijini kwao. Swali linalojirudia kuliko yote, hasa kwa vijana wa kiume, ni hili: "Mwalimu, nijenge kwanza au nioe kwanza?" Wapo wanaolicheka. Mimi naliona ni swali zito, kwa sababu linaonyesha namna tunavyofikia maamuzi, katika nyumba zetu na katika nchi yetu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na kuomba ushauri. Kuuliza si ujinga. Mtumishi anayejenga kwa mkopo utakaokatwa katika mshahara wake kwa miaka kadhaa anafanya uamuzi mzito, na angekuwa mzembe kama asingemuuliza mtu yeyote. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuchanganya mambo mawili: ushauri na ruhusa. Anayeomba ushauri anatafuta jambo asilolijua. Anayeomba ruhusa anajua anachotaka, lakini anaogopa kukitenda mpaka wengine waseme ndiyo. Wa kwanza huwauliza watu wachache aliowachagua kwa sababu maalumu. Wa pili huuliza kila anayekutana naye, na kwa kila jibu jipya hofu yake huongezeka.

Kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, alinieleza kwamba alikuwa amekwisha kuwauliza watu wanane kuhusu ramani ya nyumba yake. Kila mmoja aliongeza kitu. Mwenzake kazini alimwambia paa lifichwe nyuma ya ukuta, kwa kuwa ndiyo mtindo wa sasa. Kaka yake alitaka sebule mbili. Mjomba wake alisisitiza vyumba vitano, ili wageni wasije wakaaibika. Fundi alimwambia kwamba kumlipa msanifu ni kupoteza fedha, kwani yeye amejenga nyumba nyingi bila ramani na zote zimesimama. Nilimuuliza swali moja tu: mchumba wako anasemaje? Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba alikusudia kumwonyesha nyumba ikishapauliwa, iwe kama zawadi.

Sikuona ubaya wa moyo katika jibu hilo; niliona desturi. Tunawauliza wote watakaoitazama nyumba, tunawasahau watakaoishi ndani yake. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tazama majiko yetu. Kaya nyingi nchini bado hupikia kuni na mkaa, lakini ramani zetu huweka jiko dogo la ndani lenye makabati mazuri na lisilo na njia ya kutolea moshi. Matokeo yake, mama wa nyumba hupikia uani chini ya ukingo wa bati, mvua ikinyesha huku na moshi ukimfuata kule, na jiko la ndani hugeuka stoo. Tazama pia ngazi za barazani na vyoo vyetu, kisha ujiulize kama kuna aliyemfikiria mzazi mwenye maumivu ya magoti ambaye siku moja ataletwa kutibiwa mjini.

Sheria yetu imelitambua jambo hili kwa kiasi fulani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni kinga muhimu. Lakini inashangaza kwamba ridhaa ya mke inaheshimiwa nyumba inapokaribia kupotea, ilhali ilipokuwa ikichorwa hakuna aliyeitafuta.

Kundi la pili tunalolisahau ni la wenye ujuzi. Hapa Dar es Salaam, dirisha kubwa la chumba cha kulala linaloelekea magharibi hupokea jua la alasiri, na ukuta wa tofali za saruji huhifadhi joto hilo hadi usiku. Paa lililofichwa halina ukingo wa kuukinga ukuta dhidi ya jua na mvua, na mifereji yake ikiziba wakati wa masika, maji hutafuta njia ya kuingia ndani. Mambo haya msanifu huyajua kabla ya msingi kuchimbwa. Sisi huyajua baada ya kuhamia, tukaanza kulipia umeme wa feni mwaka mzima. Kuhusu vyumba vya wageni, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Si kila kaya inafanana na wastani, lakini mtu anayekopa ili kuongeza vyumba anapaswa kujiuliza kama vitalala watu au vitalala heshima yake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Nitaambiwa kwamba Mwafrika haamui peke yake, na kwamba ninahubiri ubinafsi wa watu wengine. Hapana. Ushauri wa jadi ulikuwa na utaratibu ambao sisi tumeuacha. Wazee waliokushauri kuoa katika ukoo fulani ndio walioitwa kusuluhisha ndoa ilipoyumba. Mshenga alibeba maneno, akabeba na lawama. Aliyeshauri aliweka jina lake dhamana. Leo mjomba aliyetaka vyumba vitano hatachangia hata bati moja, na rafiki aliyekuambia uache kazi hatakuuliza watoto wamekula nini. Tumebakiza wingi wa washauri, tukaondoa dhamana yao.

Nchi yetu nayo ina kumbukumbu ya nyumba zilizopangwa bila wenyewe kuulizwa. Katika maandishi yake ya mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu hawaendelezwi. Hujiendeleza wenyewe, kwa kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa ni amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Kulikuwa na nia njema: shule, zahanati na maji yasingeweza kuifikia kila nyumba iliyojitenga. Lakini katika maeneo mengi nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, mashamba yakabaki mbali, na mkulima aliyeijua ardhi yake hakuulizwa kwa nini babu yake alijenga pale alipojenga. Ulikuwa uamuzi juu ya kitanda ambao haukumsikiliza anayekilalia.

Naitaja historia hiyo kwa sababu wengi wanaosoma makala haya ni watumishi wanaochora maisha ya wengine kila siku: soko litajengwa wapi, stendi ihamishiwe wapi, choo cha shule kiwe na matundu mangapi. Mara nyingi wananchi huitwa mkutanoni wakati ramani imekwisha kupitishwa, wakaombwa maoni, na mahudhurio yao yakaandikwa kuwa ni ushirikishwaji. Huko ni kuomba makofi. Mama lishe anayeambiwa ahamie soko jipya anajua wateja wake hupita wapi na saa ngapi. Maarifa hayo hayamo katika faili lolote la halmashauri.

Kwa hiyo napendekeza mpangilio mwepesi. Tuanze na watakaoishi na matokeo ya uamuzi. Tuwafuate wenye ujuzi, na tuwe tayari kulipia ujuzi wao. Kisha tuwasikilize ndugu na marafiki kwa adabu, tukimpima kila mmoja kwa dhamana anayoibeba. Baada ya hapo tuamue, na tukubali kwamba uamuzi ni wetu, uwe na matokeo mema au mabaya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini makato ya mkopo yana jina la mtu mmoja.

Na kwa vijana wanaoniuliza kama wajenge kwanza au waoe kwanza, jibu langu ni kwamba swali hilo wamelileta kwa mtu asiyehusika. Yupo wa kuulizwa. Kama bado hujampata, kiwanja hakitaharibika kwa kusubiri. Kama umekwisha kumpata, basi mpelekee karatasi nyeupe kabla ya kumpelekea ufunguo.