Orodha ya Waangalizi Isiwe Majina Matupu



Wale waliotumwa vituoni katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Desemba 1997, ambao Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani iliuangalia pamoja na Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia, wanaijua thamani ya orodha. Mwangalizi asiyeandikwa popote hana wa kumwuliza alichokiona. Naye aliyeandikwa bila kuelezwa kazi yake husimama tu mlangoni.

Leo uangalizi wa namna nyingine umeingia majumbani mwetu. Wengi, hasa vijana, huzungumza na wasaidizi wa akili mnemba, yaani programu za simu na kompyuta zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida. Mtu huiuliza mashine habari za ugonjwa wake, za deni, za ndoa iliyoyumba. Mambo ambayo pengine asingethubutu kumwambia katekista. Pembeni mwa msaidizi huyo mara nyingi huwekwa programu nyingine zenye kazi ya kuangalia. Nyingine huzuia jibu lenye hatari, nyingine hutunza kumbukumbu ya mazungumzo, nyingine hupeleka taarifa kwa wenye mfumo. Mafundi nao wana vyombo vya kuwaorodhesha waangalizi hao: fundi akiamuru, chombo humwonyesha majina yao, yupi yuko kazini na yupi amezimwa.

Sisi hatuna ugomvi na chombo cha namna hiyo. Twaona ni afadhali kiwepo. Ila twasema kwamba orodha bila maelezo ya maandishi ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo yaweza kumdanganya mtu kuliko kutojua kabisa. Jina la mwangalizi halisemi anasoma nini, anahifadhi kwa siku ngapi, wala ni nani mwenye ruhusa ya kufungua alichohifadhi.

Tuchukue jambo moja ambalo mafundi huliona dogo. Chombo kimeulizwa, nacho kimerudisha orodha tupu. Maana yake nini? Yawezekana kwamba hakuna mwangalizi yeyote. Yawezekana pia kwamba wapo, lakini aliyeuliza hana ruhusa ya kuwaona. Au chombo kimeshindwa kuwafikia na kikanyamaza. Hali hizi tatu zatofautiana kama mbingu na ardhi, lakini kwenye kioo cha kompyuta zaweza kuonekana sawa. Mkuu wa shule au msimamizi wa zahanati ya parokia anayeletewa karatasi hiyo atasema, “Basi, hakuna anayetusikiliza,” na ataendelea kuweka humo siri za watoto na wagonjwa. Sentensi mbili tu katika mwongozo zingalimwepusha na kosa hilo. Kwa hiyo anayeandika mwongozo wa chombo kama hiki asijione karani wa kazi ya mwisho. Anashika dhamana ya watu asiowajua.

Liko pia pengo ambalo hakuna chombo cha kuliziba, nalo latugusa sisi wa Kenya kwa karibu. Waangalizi wa mashine si mashine peke yake. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa mkataba na OpenAI, walivyosoma na kupanga maandishi ya mateso, mauaji na unajisi wa watoto, ili mashine ifundishwe kuyatambua na kuyazuia. Kwa mujibu wa jarida hilo, walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kampuni ilisema kwamba ushauri nasaha ulikuwepo wakati wowote. Wafanyakazi waliohojiwa walisema ulikuwa haba na haukuwafaa. Mwezi Julai mwaka huohuo baadhi ya waliofanya kazi hiyo walipeleka ombi Bungeni ili hali zao zichunguzwe. Kila mara mwangalizi wa mashine anapozuia neno chafu lisimfikie mtoto wetu, huenda ni kwa sababu kijana wa watu alikwisha kulisoma, mara nyingi, kwa ujira huo. Katika orodha ya fundi hana mstari wake.

Hati ya Vatikani ya Januari 2025, Antiqua et Nova, yakumbusha kwamba wajibu wa kimaadili hubaki kwa binadamu, si kwa mashine. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo yalinda faragha katika kifungu cha 31, na haki ya kupata habari katika kifungu cha 35. Twajua kwamba si rahisi kwa halmashauri ya walei kuhojiana na kampuni kubwa. Lakini shule zetu, zahanati zetu na vyama vyetu vya akiba ni wateja, na mteja huuliza kabla ya kutia sahihi. Basi na waombe orodha ya waangalizi pamoja na mwongozo wake, kwa Kiswahili kinachosomeka. Waulize orodha tupu ina maana gani. Waulize pia ni watu gani waliosoma ili mashine ijifunze, walilipwa nini, na wakiumia moyoni huenda kwa nani. Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya halmashauri, na nakala ibaki ofisini mwa parokia.