Miguu Inauma? Tangawizi Sawa, Lakini Usikurupuke Kuchua

Wiki hii tuongelee miguu. Usicheke, maana nawajua nyie wa kusimama dukani Kariakoo tangu saa mbili asubuhi, halafu jioni mnaning'inia kwenye daladala hadi Mbagala. Ukifika nyumbani miguu mizito kama umefungiwa mchanga.

Kisa chenyewe ni kwamba damu ikishashuka mguuni lazima ipande tena kwenda moyoni, na pampu yake ni misuli ya shavu la mguu. Ukisimama kama mlingoti kutwa nzima, pampu imelala. Damu inatuama chini, mguu unavimba.

Hapo ndipo kila mtu anakuwa mganga. Utaambiwa tangawizi, utaambiwa kitunguu saumu alfajiri (mchumba wako nampa pole), utaambiwa mafuta ya nazi yenye pilipili. Sina ugomvi nayo. Pilipili kweli hutuliza maumivu ikipakwa, ila mikono isiguse macho! Kitunguu saumu kwa miguu bado hakijathibitika.

Sasa sikia. Shangazi yangu, fundi cherehani, alitoka Mwanza kwa basi, kutwa nzima kwenye kiti. Siku mbili baadaye akavimba mguu mmoja tu, wa kushoto. Shavu gumu, la moto. Majirani wakaleta mafuta, na mchuaji nikawa mimi. Nilikandamiza kwelikweli mpaka akapiga kelele, "Niache mwanangu!" Kesho yake hospitali wakamwambia damu imeganda ndani ya mshipa. Daktari akanigeukia: kuchua kunaweza kung'oa lile bonge likakimbilia kwenye mapafu, na hapo mtu anakufa. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, weka mafuta chini, nenda hospitali. Kifua kikibana au pumzi ikikata, hapo ni kukimbia. Na wewe ambaye shavu linakubana ukitembea, ukisimama linaachia, huenda mishipa inayoleta damu imekuwa myembamba. Kapime sukari na presha, na hiyo sigara itupe. Mwenye kisukari asitumbukize miguu kwenye maji ya moto, kwani akiwa na ganzi ataungua bila kujua.

Kama ni uchovu tu wa kusimama, dawa yake haiuzwi sokoni. Simama kwa vidole, shuka, rudia mara kumi huku unamhudumia mteja. Tembea. Usiku lala chali, miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, robo saa hivi.

Shangazi hajambo. Anameza dawa za kuzuia damu kuganda, na daktari amemkataza kubugia tangawizi na vitunguu saumu juu yake, maana vikizidi anaweza kutokwa damu. Jioni anazunguka mtaa mara mbili. Nikimsogelea na chupa ya mafuta tu, anakunja miguu chini ya kanga.